Je, kutafiti utenzi wa bibi ni utafiti, au ni porojo?

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza samaki pale Deep Sea, Tanga mjini. Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na amefaulu vizuri. Anataka kusoma Kiswahili chuo kikuu mpaka afike ngazi ya kufanya utafiti. Nyumbani kwa mama yangu, kijijini huku njia ya Pangani, kuna karatasi za zamani za utenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Bibi yake huusoma kwa sauti, na huyu mtoto amekuwa akimrekodi kwa simu. Anasema huo ndio atakaoutafiti. Mjomba wake anafanya kazi maabara. Amemwambia utafiti ni vipimo na hesabu, hayo mengine ni porojo za wazee, na kwamba atakuja kukaa nyumbani na shahada yake. Anamtaka aanze upya masomo ya sayansi. Mtoto analia. Mimi sikusoma sana, sijui nimtetee nani. Je, huo ni utafiti kweli? Una faida gani? Na akirudi kwenye sayansi, si ndiyo itakuwa salama zaidi?"

Marahaba, dada yangu, na pole na hali ya hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umefunga maswali matatu katika fundo moja: kama kutafiti utenzi ni utafiti kweli, kama kuna riziki ndani yake, na kama mtoto arudishwe kwenye sayansi. Nitalikalia zaidi la kwanza. Hilo likieleweka, mawili yaliyobaki hayatakusumbua sana.

Nisikuweke roho juu: ndiyo, ni utafiti. Na mjomba hajakosea yote. Anapodai kipimo na ushahidi, anadai haki. Alipokosea ni kudhani kwamba kipimo cha maabara ndicho kipimo pekee kilichopo duniani.

Kinachokifanya kitu kiwe utafiti si koti jeupe wala mashine. Ni swali ambalo jibu lake halijapatikana, njia ya kulitafuta inayoelezwa waziwazi, na ushahidi ambao mtu mwingine, hata yule asiyekupenda, anaweza kuushika, kuukagua na kukukosoa. Mwanabiolojia anakuonyesha sampuli yake. Mwanahistoria anakutajia jalada lipi, katika hifadhi ipi ya nyaraka. Mwanaisimu anakuwekea rekodi usikilize mwenyewe. Mwanahisabati hana sampuli hata moja. Anakuandikia uthibitisho hatua kwa hatua, ukikuta hatua moja ina kasoro, nyumba nzima imeanguka. Porojo haina mlango wa kukaguliwa. Hapo ndipo zinapoachana, na mpaka huo haupiti kati ya sanaa na sayansi. Ziko porojo zenye majedwali na asilimia, na uko utafiti wa mashairi uliojengwa kwa mawe.

Wewe unauza samaki, basi tuanzie kwa samaki. Bila shaka umesikia habari za silikanti, pengine umemwona kwa macho: samaki mkubwa wa buluu iliyokoza, magamba magumu, mapezi kama miguu. Wavuvi wetu walianza kumnasa kwenye jarife, ule wavu wa papa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanasayansi walikuwa wamemjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakaamini alitoweka pamoja na dinosaria takriban miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipovuliwa mmoja kule Afrika Kusini. Mwanamke aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, ndiye aliyemwona kwenye rundo la samaki akatambua kwamba huyu si wa kawaida. Jina la kisayansi la samaki huyo, Latimeria, limetoka kwake.

Sasa tazama samaki mmoja anavyowaita watafiti wa kila namna. Watu wa vinasaba walichukua vipande vya silikanti wa huku kwetu, na mwaka 2011 wakachapisha kwamba hawa wa pwani ya kaskazini ya Tanzania ni kundi la pekee, lililoachana na wenzao zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Wengine walishughulika na magamba. Gamba lina pete, kama gogo la mti lilivyo na pete, na ukizihesabu unapata umri. Hesabu za zamani zilimpa silikanti miaka 20 hivi. Mwaka 2021 watafiti wengine waliyaangalia magamba chini ya mwanga wa aina maalumu, wakaona pete nyembamba ambazo wa kwanza hawakuziona, wakakadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100 na kwamba mimba yake huchukua takriban miaka 5. Unaona uzito wake? Samaki anayezaa kwa mwendo huo, ukivua wachache tu kila mwaka unaweza kukimaliza kizazi.

Lakini hakuna gamba litakalokueleza kwa nini mvuvi alikwenda kutosa jarife kwenye kina kile. Je, samaki wa karibu walikuwa wamepungua? Je, bei ya papa ilipanda? Alikopa kwa nani kununua nyavu? Hayo yanataka mtafiti wa uchumi na wa jamii, mtu atakayekaa na wavuvi msimu mzima, kusi na kaskazi. Mwaka 2009 eneo lile lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Mpaka ukichorwa majini, nani amepoteza mahali pake pa kuvulia, na ana haki gani? Hilo ni la mtu wa sheria. Kisha wavuvi wenyewe wana elimu yao: wanajua bamvua na maji mafu (maji yanapojaa sana na yanapojaa kidogo), wana majina ya miamba ya chini ambayo hayamo katika ramani yoyote iliyochapishwa. Mzee anayeyajua majina hayo akifariki kabla hayajaandikwa, yamekwenda. Kuyakusanya, kuyapanga na kueleza yanavyofanya kazi ni kazi ya mwanaisimu, na wanabiolojia nao hufaidika, kwa sababu jina la mwamba mara nyingi husema nini hupatikana pale.

Kila mmoja hapo ana swali lake, na kila swali linadai ushahidi wa aina yake. Aina hiyo ya ushahidi ndiyo inayozitofautisha fani, kuliko chochote kingine.

Nije kwenye hesabu, maana hapo ndipo mjomba anaposimama. Hesabu inatakiwa sana pale ambapo bahati inaweza kukudanganya. Chukua sarafu uirushe mara 10. Kupata kichwa mara 7 au zaidi si ajabu. Hutokea takriban mara moja katika kila majaribio 6. Lakini ukiirusha mara 1,000 ukapata vichwa 700, hiyo sarafu ina walakini. Wingi unaiondoa bahati. Ndiyo maana chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilipofanyiwa majaribio makubwa kati ya mwaka 2009 na 2014, waliingizwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika. Vituo vilikuwa 11, na viwili ni vya kwetu: Korogwe, hapa mkoani, na Bagamoyo. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata chanjo hiyo na wengine chanjo nyingine ya kulinganishia, bila mzazi wala muuguzi anayewafuatilia kujua nani kapata ipi. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kukamilisha dozi 4, visa vya malaria vilipungua kwa takriban 36% katika miaka 4 hivi ya kuwafuatilia. Tofauti ya kiasi hicho huwezi kuiona kwa kuangalia mtaa mmoja. Mwaka wa mvua chache malaria hupungua yenyewe, na ungeisifu chanjo bure. Bila maelfu ya watoto na bila bahati nasibu, hakuna ambaye angejua ukweli, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lisingekuwa na msingi wa kuipendekeza.

Haya, namba zimepatikana. Linakuja swali jingine: kwa nini mama amlete mtoto dozi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ya nne asimlete? Hapa huhitaji akina mama 15,000. Unahitaji kukaa na mmoja baada ya mwingine, nyumbani kwake, kwa muda, bila haraka, ukisikiliza. Mmoja atasema nauli. Mwingine atasema mume, mwingine aliambiwa asubiri, mwingine alikuwa shambani. Ukifika mtu wa 20 au wa 30 majibu yanaanza kujirudia, hupati jipya, na huko kujirudia ndiko kunakomwambia mtafiti kwamba sasa anaweza kufunga daftari. Akikuletea asilimia kutokana na watu hao 20, mkatalie. Hawakuchaguliwa kwa ajili ya asilimia. Vilevile, anayekuletea asilimia za watu 2,000 halafu akadai anajua mioyo yao inasema nini, mkatalie pia.

Twende sasa kwenye karatasi za mama yako, nami nikwambie kwa urefu, kwa sababu naona ndipo mjomba asipopajua.

Herufi za Kiarabu zilitengenezwa kwa sauti za Kiarabu. Zina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo katika miswada mingi ya zamani e na i hutumia alama moja, na o na u alama moja. Herufi ya p haimo. Waandishi wengi waliandika b. Ch mara nyingi iliandikwa kwa shini, ile ile ya sh. Matokeo yake, neno moja katika karatasi laweza kusomeka shuka, au shoka, au choka. Pata na bata huwa sawa. Mtu asiyejua anadhani kusoma mswada ni kutamka tu kilichoandikwa, kumbe kila mstari ni fumbo la kufumbuliwa, na kila ufumbuzi sharti utolewe sababu.

Sababu hizo zinatoka wapi? Kwanza katika sheria za utenzi wenyewe. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani (silabi) 8, vitatu vya kwanza vinashirikiana kina kimoja, yaani sauti ya mwisho, na cha nne kinabeba kina cha bahari kinachotiririka tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtafiti hujaribu kila usomaji: je, mizani inatimia? Kina kinakubali? Maana ya ubeti uliotangulia inaruhusu? Kisha anauliza lahaja. Huko njia ya Pangani ndiko kwenye Kimtang'ata, nacho kina maneno na maumbo ambayo mtu wa Dar es Salaam hayajui, mwanaisimu W. H. Whiteley alikwisha kukiandikia kitabu katika miaka ya 1950. Mahali ambapo mgeni angesoma choka, mama yako anasoma shoka, naye hakubahatisha. Alisikia kwa mama yake. Amebeba taarifa ambayo haimo kwenye wino. Rekodi za simu za binti yako ndizo zinazoiokoa taarifa hiyo, na kwa maoni yangu huyo mtoto ameanza kazi kabla hajafundishwa namna ya kuianza.

Kisha kuna suala la nakala. Utenzi uliopendwa ulinakiliwa kwa mkono, na anayenakili hukosea: anaruka ubeti, anabadili neno, anarudia mstari. Atakayenakili kutoka kwake huyarithi makosa yale na kuongeza ya kwake. Zikipatikana nakala tatu, mbili zikawa na kosa lile lile la ajabu mahali pamoja na ya tatu haina, una hoja nzito kwamba hizo mbili zimetoka kwa mzazi mmoja. Kwa kufuata makosa namna hiyo unachora ukoo wa nakala, na unakaribia maneno ya mtunzi mwenyewe ingawa karatasi yake ilishaliwa na mchwa zamani. Naomba umsomee mjomba aya hii, kisha umuulize watu wa vinasaba wanachoraje ukoo wa virusi, au wa silikanti. Watafanya hivyo hivyo! Vinasaba hunakiliwa, makosa hutokea katika kunakili, na makosa yaliyorithiwa kwa pamoja ndiyo yanayoonyesha nani ni ndugu wa nani. Wasomi wa miswada walikuwa wakiitumia njia hii katika karne ya 19, wakati muundo wa DNA, kemikali inayobeba vinasaba, haukufahamika hadi mwaka 1953.

Umeuliza faida. Chukua vita vya mwaka 1888 na 1889, Wajerumani walipoiteka pwani hii. Ripoti za maofisa wao zipo, ila zimeandikwa na upande ulioshinda, ule uliomnyonga Abushiri, kiongozi wa waliowapinga, hapo Pangani Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwanachuoni na mtunzi wa huku kwetu Tanga, alitunga utenzi kuhusu vita hivyo, Wadachi (yaani Wajerumani) walivyoitamalaki Mrima, pwani hii yetu. Bila utenzi kama huo tungekuwa na mdomo mmoja tu unaosimulia. Mwanahistoria hauamini utenzi kwa sababu ni wetu, wala haiamini ripoti kwa sababu ina muhuri. Analinganisha siku, majina, idadi ya meli, anatazama kila msimuliaji alikuwa na sababu gani ya kukuza au kuficha. Na utenzi ule umetufikia kwa sababu kuna watu walitunza karatasi majumbani mwao, kama mama yako.

Tena maabara yenyewe huja kubisha hodi kwa watu wa masimulizi. Kwa muda mrefu wasomi wengi walizichukua simulizi za Waswahili kuhusu asili ya Shirazi, huko Uajemi, kama hadithi za kujikweza, basi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, pwani ya Kenya, Kilwa na kwingineko kusini mwa Tanzania. Ulionyesha kwamba tangu takriban mwaka 1000 kulikuwa na kuchanganyika kwa damu: upande wa mama zaidi ni wa Kiafrika, na upande wa baba kwa wengi una asili ya Uajemi. Kwa hiyo simulizi zilikuwa na chembe ya kweli ambayo wasomi waliipuuza, na pia ziliwasahau akina mama ambao ndio walioubeba ustaarabu wenyewe, pamoja na lugha. Kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, hilo wanaisimu walilionyesha kwa sarufi yake, na hakuna mfupa unaoweza kukwambia marehemu alizungumza lugha gani.

Kwa hayo, dada yangu, ukiulizwa tena kama ni utafiti, una la kujibu.

Lakini nisimkandamize mjomba. Nimefundisha mbinu za utafiti miaka mingi, na nimeona kazi za sanaa zilizo dhaifu kweli: mtu amezungumza na wazee wawili wa ukoo mmoja, akaandika "Waswahili wanaamini hivi." Nimeona pia watu wanaouchagua upande huu kwa kukimbia hesabu. Kama binti yako ni wa namna hiyo, mjomba ana haki ya kuwa na wasiwasi. Kwa unavyoeleza, sidhani. Mtoto anayekaa kumrekodi bibi yake bila kutumwa na mwalimu, huyo ana swali linalomnyima usingizi, na huo ndio mtaji wa kwanza wa mtafiti wa fani yoyote.

Riziki sasa. Nafasi zenye jina la "mtafiti" ni chache, katika sanaa na katika sayansi pia. Ngazi ni ndefu: shahada ya kwanza miaka mitatu au minne, kisha uzamili, kisha uzamivu, na huko juu ndiko watu huajiriwa kwa ajili ya utafiti wenyewe. Wengi wa waliosoma Kiswahili na isimu hufundisha, huhariri, hutafsiri, hukalimani, hufanya kazi redioni, kwenye makumbusho na hifadhi za nyaraka. Kiswahili kimepanda hadhi: mwaka 2019 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikifanya lugha rasmi, mwaka 2021 UNESCO ikatangaza Julai 7 kuwa siku yake duniani, mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ukakikubali katika shughuli zake. Hayo hayageuki ajira kesho yake asubuhi, ila yanaongeza haja ya wakalimani, wahariri na walimu waliosoma kwa kina.

Nikitazama njia zilizo mbele yake, ya kwanza ni shahada ya Kiswahili pamoja na elimu. Inampa cheti cha ualimu mkononi, ni salama kiasi, ingawa ajira za serikali nazo siku hizi zinasubiriwa. Ya pili ni isimu na Kiswahili bila elimu, yenye nafasi zaidi ya kuzama. Ya tatu ambayo wengi hawaifikirii ni akiolojia na urithi, ambapo historia yake ya HKL ingemfaa na ambapo angejifunza kuchimba, kupima na kuandika. Mimi ningempeleka ya pili, kwa sharti moja kubwa: asitoke chuoni na Kiswahili peke yake. Ajifunze kusoma na kuandika hati za Kiarabu vizuri, ajifunze takwimu za msingi, ajifunze kutumia kompyuta kutunza na kuchambua rekodi. Mtu anayejua utenzi, hati na takwimu kwa pamoja si wa kuokotwa mtaani kila siku. Kama hali ya nyumbani haiwezi kusubiri miaka, yaani anatakiwa aanze kusaidia wadogo zake mapema, basi njia ya kwanza ni ya busara na haimzuii kurudi kwenye utafiti baadaye. Hilo mnalijua ninyi, mimi silijui.

Kuhusu kuanza upya sayansi: sikushauri. Mtoto aliyefaulu HKL angelazimika kusoma tena masomo ya kidato cha tano na sita, pamoja na mitihani ya vitendo inayotaka maabara, na hapo ni kama matokeo yake ya kidato cha nne katika fizikia, kemia na baiolojia yanamruhusu. Ni miaka miwili na ada, kwa ajili ya kitu ambacho hakitaki. Sayansi bila hamu huzaa watu wanaofeli wakiwa na miaka 22. Ingekuwa yeye mwenyewe ndiye anayeililia sayansi, ningekwambia umwuzie hata kanga zako. Lakini anayeililia ni mjomba.

Liko jambo moja ambalo hukuuliza, nami silipiti kimya. Akishaanza, wengine watasikia habari za zile karatasi. Atakuja mtu, pengine na barua, pengine na maneno matamu tu. Mtafiti wa kweli ana kibali. Wanaotoka nje ya nchi hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na yeyote anayechukua damu au sampuli ya mwili sharti awe na idhini ya maadili. Mna haki ya kuomba kukiona kibali, kuuliza rekodi zitakwenda wapi, kukataa, na kubadili mawazo katikati. Karatasi halisi zisitoke nyumbani kwa ahadi ya "nitazirudisha"; apige picha papo hapo. Na jina la mama yako liandikwe. Pwani hii ina historia ya elimu yake kuchapishwa kwa majina ya wengine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1903, lakini jalada lilibeba jina la mhariri wake Mjerumani. Binti yako naye aanze kwa adabu hiyo: amuombe bibi ruhusa kwa maneno, na ruhusa hiyo iwemo kwenye rekodi.

Barua hii ina mahali inapokomea. Kwa kuchagua kozi na chuo, aonane ana kwa ana na mwalimu wake wa Kiswahili wa sekondari, asome mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu na wa Bodi ya Mikopo wa mwaka huu huu, si wa mwaka jana, kwa sababu masharti hubadilika. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili uliokusanywa zamani, na katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Akifika Dar apaone, pengine nakala nyingine ya utenzi huo huo imo. Na mkutanishe na mjomba uso kwa uso, wewe ukiwepo, mtoto awe na simu mkononi, amsikilizishe ubeti mmoja na kumwonyesha karatasi yake. Watu wa maabara hulainika wakionyeshwa ushahidi. Ila kama huko kulia kumekuwa kwa siku nyingi, hali wala halali, usisubiri ushauri wa barua. Mpeleke kituo cha afya azungumze na mtu.

Karatasi zenyewe zisingoje chuo. Zisipigwe laminesheni, zisigandishwe kwa selotepu, hata pale zilipochanika. Gundi hula wino na haitoki. Zisianikwe juani wala kufungwa kwenye mfuko wa nailoni, unafanya unyevu na ukungu. Ziwekwe baina ya karatasi safi nyeupe, ndani ya boksi gumu, juu, mbali na sakafu na mchwa, mbali na jiko. Apige picha kila ukurasa pande zote mbili kwa mwanga wa mchana kivulini, na rula pembeni ili ukubwa ujulikane, kisha aziweke picha mahali pawili tofauti. Asizipange upya hata kama anaona kurasa zimepinduka; mpangilio aliozikuta nao ni ushahidi. Amuulize bibi alizipata kwa nani, nani alizisoma, zilisomwa katika shughuli gani. Na kila anapobonyeza kitufe cha kurekodi, kwanza atamke tarehe, kijiji na jina kamili la bibi yake, halafu ndipo bibi aanze kusoma.